Pangaboi wa Kisauni

Feni ya bibi ilianza kugoma mwezi wa pili, na mtu yeyote aliyewahi kulala Kisauni mwezi wa pili anajua hilo ni tatizo la aina gani. Kaskazi imechoka, kusi bado haijafika, na mabati yaliyokula jua tangu asubuhi yanalirudisha lote ndani ya nyumba usiku. Bibi ana presha. Daktari alimwambia alale mahali penye hewa. Hewa yenyewe ilikuwa hiyo feni ya mezani, ya plastiki, iliyokuwa nyeupe zamani na sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani bila shahada. Karo ilikwama mwaka wa tatu, nikawaambia watu napumzika kidogo, na mapumziko hayo bado yanaendelea. Naandika makala, nalipwa nikilipwa. Kwa hivyo kununua feni mpya halikuwa jambo la kuzungumza.

Bibi hasemi feni. Kwake ni pangaboi. "Pangaboi limeshindwa," aliniambia usiku ule, kama mtu anayeripoti habari za mgonjwa. Ukifungua kamusi utaambiwa pangaboi ni ile feni ya darini, lakini kwa bibi chochote chenye mota na upepo ni pangaboi, hata kile kifeni kidogo cha ndani ya friji. Nikiwa mtoto nilidhani neno hilo limetokana na panga. Na ilileta maana: tazama zile bapa zinavyozunguka juu ya kichwa chako, ni nini kama si mapanga? Kumbe hapana. Ndani ya neno hilo kuna mtu.

Kwa Kihindi pankha ni kitu cha kupungia upepo, na pankh ni bawa. Kiswahili kilikuwa tayari na neno lake, kipepeo, na ajabu ni kwamba sisi pia tuliona bawa humo humo, maana kipepeo ni kile cha ukindu cha kuchochea jiko na pia ni yule mdudu wa maua. Lakini panka ikaingia hata hivyo, kama walivyoingia gari, laki na pesa, kwanza na wafanyabiashara, halafu na Waingereza ambao walikuja kututawala wakiwa na desturi za India mfukoni. Mpaka mwaka 1920 hata sarafu ya koloni hili ilikuwa rupia.

Panka ya Waingereza wa India haikuwa ya kushika mkononi. Ilikuwa fremu ya mbao iliyotandikwa kitambaa, pana kama mlango au zaidi, ikining'inia darini juu ya meza ya chakula, juu ya kitanda, juu ya kiti cha hakimu mahakamani. Kamba ilitoka kwenye fremu, ikapita tundu la ukutani, ikaishia barazani. Huko nje alikaa mtu. Kazi yake ilikuwa kuvuta na kuachia, kuvuta na kuachia, mchana kutwa, na wengine usiku kucha. Hao wa usiku walijifunza kufunga kamba kwenye kidole cha mguu wakavuta wakiwa wamelala chali. Waingereza walimwita punkah boy. Sisi tukayameza maneno yote mawili kwa mkupuo mmoja, tukapata pangaboi, na tukaja kuipa mashine jina hilo la mfanyakazi.

Na boi hakuwa mtoto. Hilo bibi alinisahihisha mwenyewe. "Boi alikuwa mtu mzima, ana mke, ana watoto, pengine ana mvi. Mzungu humwita boi." Alilisema bila hasira, kama unavyotaja bei ya nyanya ya zamani.

Sasa, feni. Dalili zake zilikuja kwa mpangilio. Kwanza ilichelewa kuanza: unabonyeza, inanguruma, inajifikiria, ndipo inazunguka. Halafu ikawa inazunguka polepole hata kwenye namba tatu. Halafu ikanguruma tu. Nikaenda kwa fundi.

Kibanda chake kiko karibu na steji, nguzo nne na turubai ambalo halizuii kitu. Huwa nacheka peke yangu kwamba wanaotengeneza feni za watu wanafanyia kazi juani, lakini si ndiyo jina lao? Jua kali. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kubwa kuhusu ajira Kenya, iliyoongozwa na Richard Jolly na Hans Singer (Singer mwingine, wa cherehani atakuja baadaye), na ni ripoti hiyo iliyoeneza duniani yale maneno "sekta isiyo rasmi". Keith Hart alikuwa ameyatumia kabla, akizungumzia Accra. Ripoti ilisema watu hawa si wavivu wanaojishikiza, wana ujuzi na wanazalisha, na serikali iache kuwabomolea vibanda. Zaidi ya nusu karne imepita. Turubai la fundi wangu limeshabomolewa mara mbili.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ilete nione."

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Bibi alikataa feni isitoke nyumbani. Kuna pasi yake ilikwenda kwa fundi fulani miaka hiyo na mpaka leo haijarudi. "Ikitoka hapa hairudi, na hata ikirudi, usiku huo mmoja nitalala na nini?" Nilimweleza fundi. Hakukasirika. Akaniambia niketi, akanifundisha kwa mdomo.

Kuna njia mbili ambazo mota ya feni hufa, alisema, na unazitofautisha kwa kidole. Chomoa plagi kwanza. Zungusha bapa kwa mkono. Ikiwa nzito, ikisimama mara tu unapoachia, tatizo ni mafuta. Ikizunguka laini kabisa lakini ukiwasha inanguruma bila kwenda, tatizo ni kapasita. Na ya bibi? Nilirudi nyumbani nikajaribu. Ilikuwa nzito kama mlango wa kabati lililonyeshewa.

Shafti ya mota hizi haikai kwenye beringi za gololi. Inakaa ndani ya bushi mbili ndogo za shaba nyeusi, mbele moja na nyuma moja, na hizo bushi ni kitu cha ajabu ukizielewa. Hazikuyeyushwa zikamiminwa. Ni unga wa shaba uliogandamizwa na kuchomwa mpaka ukashikana, ukabaki na vitundu ndani kama mkate, na vitundu hivyo vikajazwa mafuta. Kampuni ya magari ya Chrysler ndiyo iliyozifanya zijulikane mwanzoni mwa miaka ya 1930, na karibu moja ya tano ya ujazo wa bushi ya namna hiyo ni mafuta matupu. Shafti ikizunguka, joto huyatoa mafuta nje. Ikisimama na kupoa, bushi huyanywa tena. Ndiyo maana feni hukaa miaka bila mtu kuigusa. Ila si milele. Vumbi la Kisauni, nywele, moshi wa jikoni, vyote vinaingia, mafuta yanageuka utomvu, na siku moja mota haina tena nguvu ya kuukata.

Unafanyaje? Unafungua kava la mbele, unatoa bapa, unafuta. Unaweka tone moja la mafuta pale shafti inapoingia kwenye bushi, unazungusha kwa vidole, unasubiri, unaweka la pili. Nyuma vilevile. Fundi alinikataza mafuta ya kupikia, kwa sababu yatasaidia siku mbili kisha yageuke gundi mbaya kuliko ya mwanzo. Mafuta ya taa nayo yanaosha vizuri halafu yanaruka yote na kuacha bushi kavu. "Tia mafuta ya cherehani," alisema. "Lakini ujue unamwamsha tu. Humponyi."

Bibi ana cherehani. Singer, ya kukanyaga kwa mguu, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake pana redio. Kichupa cha mafuta kilikuwa kwenye droo. Na hapa nilitabasamu baadaye niliposoma kwamba feni ya darini ilitoka kwa watu haohao. Philip Diehl, Mjerumani aliyehamia Marekani, alikuwa mhandisi wa Singer. Alikuwa ameunda mota ya umeme ya kuendeshea cherehani, akaichukua, akaitundika darini, akaipachika bapa. Hataza yake ni ya mwaka 1889. Pangaboi la kwanza la umeme ni mota ya cherehani iliyopanda dari.

Feni ya mezani inamtangulia kidogo. Hiyo inatajwa kuwa kazi ya Schuyler Skaats Wheeler, New York, mwaka 1882, bapa mbili tu, bila kizuizi chochote mbele cha kulinda vidole. Wheeler alikuwa na miaka 22. Alikuwa ameacha chuo baba yake alipofariki, akatafuta kazi kwenye kampuni ya taa. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba nilisoma sentensi hiyo mara tatu.

Mwaka huohuo, tarehe 4 Septemba, Thomas Edison aliwasha kituo chake cha umeme cha Pearl Street, na kukawa na mahali pa kuchomeka vitu kama hivyo. Umeme ukavuka bahari haraka. Calcutta ilianza kupata umeme wa kampuni mwaka 1899. Mombasa ikapata kampuni yake mwaka 1908, na mwaka 1922 ikaungana na ya Nairobi kuwa East African Power and Lighting. Kila waya ulipofika, barazani pakabaki kiti kitupu.

Mafuta ya cherehani yalitupa siku nne. Siku nne nzuri, bibi alilala mpaka alfajiri. Siku ya tano nikawasha, ikanguruma, haikuenda. Nikachomoa, nikazungusha kwa kidole: laini kabisa. Kumbe ilikuwa inakufa kwa njia zote mbili, moja imejificha nyuma ya nyingine.

Nilirudi kwa fundi akasema sawa, ni kapasita, lakini hauzi kapasita bila kuiona feni. Za feni za mezani nyingi ni mikrofaradi 1.2 au 1.5, za darini zinakwenda mpaka 2.5, na ukiweka ya nguvu isiyofaa koili inapata moto. Niende nikafungue kava la nyuma, nisome namba, nirudi Jumatatu, maana yeye Jumapili hayupo. "Kwa sasa," akaniambia, "iwashe, halafu isukume na kijiti. Ikishashika, itakwenda."

Na kweli ilikwenda. Unapitisha kijiti cha ufagio katikati ya nyaya za kava, unagusa bapa, tup, na mota inashika na kupanda mpaka kasi yake yote. Nilidhani ni uchawi wa mtaani. Usiku huo nikatafuta kwenye simu kwa nini, nikaikuta hadithi ninayoipenda kuliko zote katika habari hii.

Umeme wa Edison ulikwenda upande mmoja, na mota zake zilianza zenyewe. Lakini umeme ulioshinda, huu tunaotumia, stima ya ukutani, huenda na kurudi mara hamsini kila sekunde. Tarehe 1 Mei 1888 Nikola Tesla alipewa hataza za mota ya umeme wa aina hiyo, na huko Turin Galileo Ferraris alikuwa amefikia wazo hilohilo peke yake na kulichapisha mwaka huohuo. Siri yao ilikuwa kutumia mikondo miwili ya umeme isiyokwenda sawa, mmoja ukitangulia mwingine, ili nguvu ya sumaku izunguke na kuiburuta rota. Nyumbani lakini hatuletewi mikondo miwili. Tunaletewa mmoja. Na mkondo mmoja peke yake hauzungushi chochote. Unavuta huku na kule kwa nguvu sawa, kama timu mbili za kuvuta kamba ambazo hakuna inayozidi nyingine. Rota iliyosimama katikati yake haijui iende kulia au kushoto. Inatetemeka. Ule mngurumo ndio huo.

Kazi ya kapasita ni kudanganya. Inachukua sehemu ya mkondo huo mmoja na kuutanguliza kidogo kwenye koili ya pili, mota ikaamini ni miwili. Kapasita ikifa, udanganyifu umekwisha, na mota inahitaji kitu kimoja tu kutoka nje: mtu wa kuiambia upande gani. Ukishaisukuma, itakwenda yenyewe, kwa sababu rota inayozunguka tayari huupata upande wake na kuufuata. Tena itakwenda upande wowote utakaousukuma! Usiku wa pili nilikuwa na usingizi, nikaigusa bapa kinyume, na bibi akalalamika gizani kwamba upepo unaenda ukutani.

Yaani mashine iliyomfuta kazi boi, ikiharibika kidogo tu, inamwita boi arudi.

Na kulikuwa na jambo jingine. Fundi alinishika mkono nilipokuwa naondoka. "Usimwache mzee alale nayo peke yake. Stima ikipotea ikarudi, itajaribu kuanza, haitaweza, itanguruma pale mpaka ipate moto. Ikinuka, chomoa." Mota inayozunguka hujipoza na pia haili umeme mwingi. Ikisimama huku imewashwa, umeme wote unageuka joto kwenye koili, rangi inayofunika nyaya inaungua, na kando yake kuna plastiki, pazia na chandarua. Kwetu stima hupotea na kurudi kama mgeni aliyesahau simu.

Kwa hivyo nikakaa. Usiku tatu, kwenye kigoda, mgongo ukutani, kijiti cha ufagio mkononi, feni ikigeuza shingo kati yangu na kitanda cha bibi. Nikasoma habari za wavuta panka wakati navuta zamu yao.

Kuna mambo niliyoyasoma ambayo sikumwambia bibi. Mvuta panka akisinzia, bwana aliamka kwa joto, na bwana aliyeamka kwa joto alitoka barazani. Kuna barua na kumbukumbu za Waingereza zinazosimulia kama kichekesho jinsi walivyowarushia viatu au kuwamwagia maji. Nyingine hazikuishia kwenye kichekesho. Mahakama za India za karne ya 19 zina kesi za watumishi waliopigwa teke wakafa, wavuta panka wakiwa wengi miongoni mwao, na utetezi ulikuwa karibu mmoja: marehemu alikuwa na malaria, bandama lake lilikuwa limevimba, mtu mwenye afya asingekufa kwa teke kama lile. Madaktari walikubali. Majaji walikubali. Ikawa kosa dogo la kupiga, au si kosa.

Kesi iliyopigiwa kelele kuliko zote haikuwa ya panka. Mwaka 1875, mjini Agra, wakili Mwingereza aitwaye Fuller alimpiga saisi wake, Katwaroo, kwa sababu hakuwepo mlangoni gari lilipoletwa familia iende kanisani. Katwaroo akafa, bandama limepasuka. Faini: rupia 30. Mwaka uliofuata gavana mkuu, Lord Lytton, aliandika kuilaani hukumu hiyo, na Waingereza wa India wakamkasirikia yeye, si Fuller. Nilihesabu jina la yule saisi limeandikwa mara ngapi kwenye ukurasa niliokuwa nasoma. Mara mbili. La Fuller lilikuwa kila mahali.

Huwa tunasimulia historia ya feni kama historia ya wavumbuzi, Wheeler, Diehl, Tesla, na mimi mwenyewe nimewataja hapo juu kwa furaha. Lakini feni ilinunuliwa kwa sababu haisinzii. Matangazo hayakuhitaji kulisema hilo kwa mtu aliyekulia chini ya panka. Na yule aliyekuwa akivuta kamba alikwenda wapi umeme ulipofika, hilo sijalikuta kwenye ukurasa wowote. Bibi ndiye aliyekuwa na jibu la karibu nilipomuuliza. "Si alirudi kwao," alisema. "Wewe hukurudi?"

Usiku wa tatu nikasinzia.

Sijui ilikuwa saa ngapi. Stima ilikuwa imepotea, hilo nililijua kwa kimya, taa ya jirani haipo, friji ya dukani haisikiki. Nilishtuka nikiitafuta plagi gizani kwa mkono, nikaikuta tayari imechomolewa, imewekwa vizuri juu ya kigoda kingine. Na upepo ulikuwa unanijia usoni, mdogo, wa kukatika-katika. Bibi alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, ana kipepeo chake cha jikoni.

"Bibi, lala."

"Lala wewe. Umekoroma kama lori."

Niliinuka kumpokonya, akakataa, tukabishana kidogo, mwishowe tukapeana zamu mpaka stima iliporudi karibu na adhana. Nikaichomeka, nikaisukuma kwa kijiti, upande wa sawa.

Jumatatu nilifungua kava la nyuma. Kapasita ni kiboksi cheusi kidogo kuliko kiberiti, na namba yake ilikuwa imefutika nusu, ila 1.5 ilisomeka. Fundi aliniuzia nyingine kwa shilingi mia na hamsini, akanionyesha kwa vidole jinsi ya kuunga nyaya, akanikumbusha kwamba bushi bado zimekwisha na hiyo ni dawa ya miezi, si ya miaka. Nilimwambia bibi bei. Akasema nimeibiwa.